Mwalimu wa Zamu na Mbuzi Ishirini na Sita

Shule zilipofunguliwa baada ya korona, kule Bura tulibaki walimu wawili na mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa na mikutano, kwa hiyo sema wawili. Sheria ya kutokaribiana ililigawa darasa langu la nane: nusu ndani, nusu nje kando ya ukuta. Nikafundishia dirishani, kichwa ndani, makalio nje. Wa nje walilalamika, na walikuwa na haki. Juu ya hayo nilisimamia maji, sabuni, barakoa na kipimajoto, mahali ambapo saa nne asubuhi hata ukuta una homa. Nilichoka, tena vibaya.

Kisha nikaambiwa nitafute wanafunzi waliopotea. Aliyeniuma zaidi ni msichana mmoja aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu. Shule zilipofungwa babake alimkabidhi mbuzi, na sasa mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza majuma machache. Asipoufanya, angechunga mpaka aolewe.

Nilimkuta mzee huyo kisimani akinywesha mifugo. Nikahutubu kuhusu elimu, maisha ya mbele, mpaka serikali nikaitaja. Alinisikiliza kwa adabu, akamimina ndoo nyingine horini.

"Maalim, mtoto chukua, mimi hana shida. Lakini mbuzi nachunga nani? Serikali?"

Hakuwa mkorofi. Kwa wafugaji wa huko, ukimwondoa mchungaji unaweka mwingine, basi. Mimi na domo langu nikamwita ami kwa Kisomali chao: "Walete shuleni, adeer. Tutawaangalia."

Nilidhani nimefanya mzaha. Jumatatu msichana akaingia langoni na mbuzi ishirini na sita.

Mimi ni mtu wa Malindi. Mbuzi nawajua kwenye pilau. Sasa nikawa na makundi matatu: wa ndani, wa nje, na hawa wasiojua mita moja ni nini. Walikula barakoa. Walikula ramani ya Afrika kuanzia Misri kushuka chini. Mwalimu mkuu aliporudi mkutanoni aliwatazama, akauliza kama wamepimwa joto.

Ukafika mtihani. Sisi walimu wa watahiniwa hatukuruhusiwa kukaribia chumba, kwa hiyo siku tatu nzima nilichunga nje ya ua, fimbo mkononi, chaki mfukoni. Siku ya pili mbuzi mmoja alitorokea vichakani. Nilimkimbiza kwenye miiba na viatu vyangu vya Ijumaa, nikimtukana kwa Kiswahili fasaha.

Siku ya mwisho mzee alikuja. Akawapitia mbuzi wake kwa macho, mmoja mmoja.

"Maalim, kumbe wewe naweza kazi."

Mwaka ule wote sikusifiwa na mtu mwingine.

Msichana akatoka chumbani akikimbia. Nikamwuliza mtihani ulikuwaje. "Rahisi, mwalimu," akasema, na papo hapo akanyoosha mkono apokee fimbo. Nikaona ndiyo basi, nimemrudisha nilikomtoa.

Lakini mzee aliichukua fimbo yeye mwenyewe. Akanigeukia.

"Maalim," akasema, "sekondari nakubali mbuzi?"

Nikamwambia nitauliza.