Saa ya Kutwanga Kisamvu

Nesi wa zahanati ya jirani na kwangu hapa Kibaha alinivuta kope la chini, akachungulia, akaguna. "Babu, damu huna. Hiyo chai na mkate wako wa kila siku haitoshi. Kula mboga za majani. Kisamvu, matembele, mchicha. Kula hasa."

Jioni binti yangu akaniletea kisamvu kutoka sokoni, kimesagwa kwa mashine, laini kama uji. Nilipofungua mfuko, harufu ile mbichi ikanipanda puani, nami nikawa niko Msimbu tena, uani kwa bibi yangu, nimeshika kikapu cha majani.

Kama ulikulia Kisarawe, rafiki yangu, huna haja ya kuelezwa. Bibi aliyenilea alikiona kisamvu kuwa chakula na dawa kwa pamoja. Alitaka majani machanga ya juu tu, na kuyachuma ilikuwa kazi yangu nikitoka shule. Aliyatwanga pamoja na kitunguu na nyanya chungu, akayachemsha sana, chungu kikiwa wazi, maana kisamvu kisichoiva kinadhuru. Tui la nazi lilikuja mwisho. Mwanamke aliyejifungua alipewa ili maziwa yashuke. Mtoto aliyetoka kwenye homa alipewa ili apate nguvu. "Haya majani yana damu ndani," alikuwa akisema, nami nilikuwa nayapasua nione imekaa wapi.

Alasiri, watu wakishaswali, kijiji kizima kilitwanga. Kinu hapa, kinu kule ng'ambo ya bonde, ardhi ikitetemeka chini ya nyayo. Sijasikia tena sauti iliyonipa njaa kama ile.

Jirani yetu, mchoma mkaa, aliipenda saa hiyo kwa sababu yake. Ndiyo saa aliyompigia mkewe. Michi ikianza tu, alifunga mlango, na mapigo yake yakazama ndani ya mapigo ya vinu. Watu wazima hawakuyatofautisha, au walijifanya hawayatofautishi. Mimi niliyatofautisha. Kinu kinalia kizito, kikavu. Lile lingine lilikuwa kama nguo iliyoloa inayopigwa juu ya jiwe.

Mkewe alikuwa mjamzito. Asubuhi alikuja kuomba kaa la moto, mdomo umepasuka, jicho limefumba, akasema amejikwaa kisimani. Bibi alimkalisha, akampakulia kisamvu cha jana. "Kula, mwanangu. Yeye anamwaga, mimi najaza. Tuone nani atachoka kwanza."

Aliyechoka ni bibi. Alasiri moja nilimvuta kanga nikamwambia, "Bibi, anampiga sasa hivi." Alikuwa ameuinua mchi. Hakuushusha. Alibaki ameushika hewani, akageuka kumtazama jirani wa pili, naye akaacha kutwanga. Wa tatu akaacha. Ukimya ulitembea nyumba kwa nyumba mpaka ng'ambo ya bonde, na ndani ya ukimya ule tukalisikia pigo, peke yake, na sauti ya mwanamke ikisema, "Mtoto, jamani, mtoto!"

Mchoma mkaa naye alishtuka. Alifungua mlango, jasho linamtoka, mpini wa jembe mkononi una damu. Akawakuta wanawake wamesimama kwenye vinu vyao, wote wanamtazama.

"Endelea, baba," bibi akamwambia. "Tunakusikiliza."

"Mambo ya nyumbani kwangu hayo, mama! Kila mtu na kinu chake!"

"Haya. Tunakuja na michi yetu."

Walimwendea. Mchi ule ule unaoponda majani ulimvunja mkono wa kulia, nami niliusikia mfupa ukilia. Alipiga kelele kama mbuzi anayeburutwa. Hakuna aliyemhurumia, hata mimi. Nilikuwa naruka kwa furaha.

Mkewe alitoka damu usiku kucha. Bibi alihamia pale na chungu chake, na wiki zilizofuata alimlisha kisamvu kwa mkono kama kinda la ndege. Mtoto alizaliwa hai, mwembamba, mwenye kelele. Mchoma mkaa aliishi nao kwa adabu, mkono umepinda, na michi ikianza kulia alitoka nje akakaa mahali pa kuonekana.

Ungedhani mtoto aliyeona hayo angekua mwanaume wa namna gani? Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi kiwandani huku Kibaha, nikaoa. Kile nilichokibeba kutoka Msimbu kilikuwa ujanja wa mchoma mkaa. Nikikasirika, nilimwambia binti yangu, wakati huo hata meno ya mbele hajaota upya, "Nenda uani ukatwange kisamvu. Nisisikie umeacha." Kisha nikafunga mlango, nikamgeukia mama yake.

Siku moja aliacha. Nilipaza sauti, "Twanga!" Kimya. Mkono wangu ulikuwa tayari njiani, na ulipotua niliusikia. Ulikuwa ni mlio ule ule wa nguo iliyoloa. Nikafungua mlango. Binti yangu alikuwa amesimama kando ya kinu, ameukumbatia mchi uliomzidi kimo, ananitazama. Hakulia. Aliangalia damu ya mama yake kwenye vidole vyangu, akaendelea kunitazama. Hakuna mtu aliyemfundisha. Bibi alikuwa ameshakufa zamani.

Kesho yake waliondoka wote wawili. Mama yake hakurudi, na alizikwa kwao bila kunisamehe. Binti alinirudia juzi juzi tu, nilipoanza kuanguka kwa kizunguzungu. Anapika, anafua, anaondoka.

Siku hizi alasiri nasikia malori ya viwanda vya Zegereni na redio za vijana. Vinu vimebaki mapambo, na wajukuu hawajui mchi unashikwaje. Kama yupo anayepigwa nyuma ya kuta hizi, hakuna tutakachokinyamazisha ili asikike.

Jana, kwa upumbavu wa mzee, nilionja kile kisamvu nikasema, "Kingetwangwa kingekuwa kitamu zaidi."

Binti yangu aliweka mwiko chini. "Akutwangie nani, baba?"

Nilikila chote, nikafuta na sahani.