Siku Koko alipopeleka ndagala kwa wenye catch

Enzi zetu, na musicheke, ninajua nina miaka kumi na saba tu, mieleka haikuwa kitu cha kutazama kwenye simu. Catch, ndivyo tulivyoiita, ilikuja yenyewe. Jumapili asubuhi lori lilipita mtaani kwetu Mulongwe na ngoma na kipaza sauti, wapiganaji wamesimama nyuma, wamejipaka unga mweupe, wanatukanana kwa raha. Sisi watoto tulilikimbilia mpaka vumbi likatuingia kwenye meno.

Koko, mama ya baba yangu, alikuwa anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, lakini siku ya catch hakuuza. Ni yeye aliyetupeleka uwanjani. Bila yeye Mama hakuturuhusu kutoka. Shujaa wake aliitwa Mamba wa Ruzizi, na siku za kazi alikuwa fundi wa kujenga, jirani yetu. Mpinzani akimrushia unga wa dawa ya kichawi, Mamba akianguka na kutetemeka, Koko alisimama juu ya kiti: "Mamba, amuka. Ukuta wangu haujaisha." Hata mimi, ambaye darasani nilikuwa najibu kwa kichwa tu, nilipiga kelele mpaka koo likakauka.

Kisha binamu yetu mkubwa, ambaye tulimwita Yaya Amani, akarudi kutoka shule ya Bujumbura na simu yenye interneti. Ndani ya wiki moja akawa mtaalamu. Tukiwa kwenye ugali akatueleza: wamefundishwa kuanguka, wanapiga mguu chini ili kofi lisikike, na mshindi anajulikana kabla ya pambano.

"Koko, ile yote iko mupango."

Koko akaacha kutafuna. "Nani anapanga?"

"Ule papa mwenye kuandaa. Iko anakaa pale nyuma ya uwanja."

Koko akanawa mikono, akainuka. Mimi na mdogo wangu tukatazamana: basi, imekwisha, hatatupeleka tena. Nilimchukia Amani wiki nzima, kwa adabu, kimya kimya.

Kumbe Koko alikuwa anafikiri. Jumapili ya pambano alikaanga ndagala, akafunika sahani kwa kitambaa, akatushika mikono, akaenda moja kwa moja kwa yule muandaaji.

"Papa, nimesikia ni weye unapanga. Miye sina maneno mingi. Leo Mamba ashinde."

Yule mzee akamwangalia, akaiangalia sahani, akaanza kula. "Mama, tutaona."

Mamba alipigwa. Alipigwa vibaya, akabebwa kama gunia la muhogo. Njiani kurudi Amani, aliyekuwa ametufuata uwanjani, alishindwa kujizuia: "Koko, si nilikuambia?"

"Nyamaza," Koko akasema. "Wale wengine walipeleka kuku."

Na catch iliyofuata alitupeleka tena.

Leo wadogo zangu wa mwisho wanajua kila kitu kabla ya kengele: nani amesaini wapi, nani ataumia kwa uongo. Wanatazama wamelala, kila mmoja na waya zake masikioni, wanapumua tu. Na mimi pia ninajua, na ninapenda kujua. Ninaona ule mkono unaolinda kichwa cha mwenzake, ninaona ni kazi nzuri. Lakini jana Koko alikuja kuchungulia.

"Mubaya ni nani hapo?"

"Koko, hakuna mubaya. Iko kontra, wote wamesaini," mdogo wangu mmoja akajibu.

Mimi nikamwambia ni yule wa suruali nyekundu. Akavuta kiti. Baada ya muda kidogo alikuwa amesimama, anaitukana simu, anamuhurumia yule mwingine na mama yake. Wadogo zangu wakatoa waya masikioni, wakaacha catch, wakamtazama yeye kama kitu cha ajabu. Hawajui kwamba zamani uwanja mzima ulikuwa hivyo.