Mkanda wa Tyubu Mguuni mwa Robi

Pale Susuni tyubu ya baiskeli haifi, hubadilishiwa kazi. Ikitoboka mara ya kumi na moja, fundi Waitara huihesabu imestaafu: huikata viraka vya kuzibia wenzake, na kinachobaki hukichana mikanda ya kufungia magunia, kuku na milango isiyo na komeo. Miaka ishirini na sita amezamisha tyubu kwenye karai la maji, akavizia mapovu, akakwangua kwa msasa, akapaka solusheni, akabandika. Mtu akidumu na kazi moja muda wote huo, huanza kuona dunia nzima ina pancha.

Kwa hiyo Jumanne ile, mkewe Robi aliporudi kutoka kwenye mihogo akichechemea, kaumwa na nyoka kifundoni, na nyoka mwenyewe kamuua kwa jembe na kumtia kwenye kiroba, Waitara hakupiga yowe. Alichukua mkanda mpana, akaukaza chini ya goti mizunguko saba, kila mmoja ukimlalia mwenzake, akachomeka ncha ndani anavyojua mwenyewe.

"Hapo hata upepo haupiti," alimwambia Magige, jirani mwenye pikipiki.

Magige alikagua. "Fundi ni fundi."

Barabara ya zahanati ni mawe matupu. Walipofika, saa mbili nzima zilikuwa zimepita, na mguu wa Robi ulikuwa na rangi ya bilinganya. Nesi Elieth, rika la binti yao wa mwisho, alisema shikamoo, akauona mkanda, akasahau kungoja marahaba.

"Nani kafunga hivi?"

"Mimi," alisema Waitara, kwa unyenyekevu wa mtu anayesubiri sifa.

Elieth alifungua kiroba, akamgeuza nyoka kwa kalamu. "Baba, huyu hana sumu. Huwa ananyonga panya tu." Akambonyeza Robi vidole vya mguu. "Mama, unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Basi nyoka hajamfanya lolote. Mguu unauawa na huu mpira."

Magige alitazama dari.

Elieth alitundika dripu kwanza, kisha akamwamuru Waitara afungue mwenyewe, taratibu, mzunguko mmoja mmoja. Ncha aliyoificha kwa mikono yake hakuiona. Alipoipata, jasho lilikuwa linadondoka juu ya goti la mkewe. Mzunguko wa kwanza. Wa tatu. Wa saba. Mguu ukabaki ulivyo. Robi akabaki kimya.

Kisha kidole gumba kikacheza, na yowe likatoka.

"Waitara!" Si Baba Mokami kama siku zote, bali jina lake kavu, mbele za watu. "Umenifunga kama kuku wa mnadani! Mimi ni kuku?"

"Mwache apige kelele," alisema Elieth. "Mguu unaouma ndio mguu uliopo."

Waitara aliketi sakafuni, akatukanwa yeye, ukoo wake na baiskeli zote za Tarime, bila kukatiza hata neno, akiogopa tu Robi asije akanyamaza.