Taa ya Zamu

Mwahija alikuwa mkunga, na nusu ya watoto wa mtaa wao pale Shinyanga mjini walipita mikononi mwake. Wa kwake mwenyewe hakuwa naye hata mmoja. Hilo alilizoea, au alisema amelizoea, mpaka mumewe Sabiti, utingo wa lori lililopeleka mizigo kwenye machimbo ya dhahabu Geita, alipomwoa Mbuke, binti wa Segese, akawa mke wa pili. Mwaka haujaisha, tumbo hilo!

Kisha ikaja betri. Ilikuwa betri kuukuu ya lori, na kila safari Sabiti aliipeleka machimboni ikatiwe moto kwenye mtambo wa Wazungu, akarudi nayo begani, akaifunga waya na taa ndogo ya gari. Mtaa mzima ulitoa macho. Na kwa kuwa Sabiti alijitia mwadilifu, betri ilifuata zamu: akilala kwa Mwahija, taa iko kwa Mwahija, akihamia kwa Mbuke, anaibeba kama mtoto mgonjwa na kuvuka nayo ua.

Hapo wivu ukamkaa Mwahija rohoni. Zamu ya mwenziwe ikifika alitoka uani, eti kutazama kuku, kumbe anatazama dirisha. Taa ikiwaka, moyo unamuuma: wanatazamana hao! Miezi ilivyosogea, dirisha likawa na mwanga hafifu wa kibatari tu, halafu giza. Ikamuuma zaidi. Kwake Sabiti alikaa chini ya taa akishona viatu vyake mpaka usingizi umchukue. Kule hata taa walikuwa hawaihitaji.

"Wanapenda giza?" akajisemea. "Basi nitawapa."

Siku ya mwisho ya zamu yake, Sabiti alipokwenda stesheni kupakia mizigo, Mwahija alifunga mlango, akaziba dirisha kwa kanga, akawasha taa asubuhi ile ile na kuiacha iwake. Akapika, akafua, akaswali adhuhuri, taa inawaka bure. Kufika alasiri taa ilikuwa imefifia, nyekundu kama kaa la moto. Akaizima. Alijisikia vizuri, vizuri kabisa.

Magharibi Sabiti akaivusha betri ua, na kabla hajakaa kitako Mbuke akapiga kelele. Uchungu ulikuwa umemshika. Mwahija akaitwa, angeitwa nani mwingine?

"Shikamoo, dada," Mbuke alisema, ameng'ang'ania kamba za kitanda na adabu bado anayo. "Washa taa. Nimeitunza. Zamu zangu nawasha kibatari, nikimaliza kula nazima. Nilimwambia Sabiti moto ubaki, siku dada akinizalisha aone vizuri."

Mwahija akaivuta betri karibu. Akagusanisha waya. Taa ikafumbua jicho jekundu, ikafa.

Na mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Mwahija akaweka kibatari chini, akafanya kazi kwa kupapasa, jasho na machozi vikimtiririka pamoja, akimwomba Mungu asimlipe leo, amlipe siku nyingine yoyote. Mtoto akatoka kimya. Akampuliza, akamsugua mgongo, akampuliza tena, mpaka akalia.

Nje Sabiti alikuwa akiitukana betri, kwamba ni mbovu na ataitupa.

"Sogeza kibatari, dada," Mbuke akasema kwa sauti iliyochoka. "Nikuone uso, nikushukuru."

Mwahija akakiinua kibatari, akakisogeza kwa mtoto.