Vigoda Vitatu vya Bibi

Ilianza Ijumaa, saa kumi na robo alasiri, nikichambua maharage mlangoni. Nilikuwa kidato cha pili, niko likizo, na Jumapili yake ndiyo ningepata kipaimara. Mwinjilisti alisimamisha baiskeli akasema kesho asubuhi atapita kwetu: kila mwanafunzi wake ataikiri imani mbele ya watu wa nyumba yake, na atakayeshindwa atasubiri mwaka mwingine. Mimi nilikuwa nimeshasubiri mmoja. Mwaka uliotangulia nilisimama kanisani, nikafungua mdomo, kisha nikakaa bila kusema kitu.

Watu wa nyumba yangu walikuwa bibi peke yake. Kila jua lilipochomoza alitoka nje akamwomba Lo'a, ambaye kwetu Wairaqw ni Mungu na ni mama. Akaniuliza yule wa baiskeli anataka nini. Nikamwambia anataka niseme namwamini Baba, Mwana na Roho Mtakatifu.

"Watatu," alisema bibi. "Na mama yao yuko wapi?"

Nikasema si watatu, ni Mungu mmoja. Akauliza mbona nimewataja watatu. Nikaanza upya. Nilieleza mpaka nikajikuta natupa maharage mazima na kubakiza mabovu.

Bibi akaondoka. Nilidhani yamekwisha. Kumbe alikwenda kuwaazimia hao watatu vigoda, maana kwake mgeni aliyetangazwa huandaliwa pa kukaa tangu jana yake. Alirudi na kimoja, na nyuma yake jirani yetu, mama wa Kondoa aliyeuza vitunguu vya Mang'ola, amebeba cha pili. Wakavipanga pamoja na cha kwetu, vitatu mstari mmoja, karibu na kiti cha mwinjilisti.

Jirani alikuwa Mwislamu, na mtu wa utani. "Mwanangu," alisema, "wa kwangu ni mmoja, wala hana mtoto. Hata kwa vigoda hanisumbui."

Bibi akajibu kuwa wake yuko juu, hajawahi kuomba pa kukaa. Wakacheka, wamepatana kabisa dhidi yangu.

Niliudhika hadi machozi. Kunicheka si kitu. Kilichoniuma ni kwamba kila mmoja alisema imani yake kwa sentensi moja, mkono kiunoni, nami mwenye daftari zima la mafundisho nilikuwa bado naanza upya. Nilimsihi bibi aviondoe vile vigoda. Akakataa. Aibu ya mgeni kukosa pa kukaa, alisema, ni ya mwenye nyumba, si ya mtoto wa shule.

Asubuhi nilimsubiri amalize kuomba. Alipogeuka alinikuta nimesimama na vigoda viwili vya kuazima, kimoja kila mkono.

"Bibi, ni mmoja," nilisema. "Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja. Kukueleza siwezi. Namwamini."

Nadhani alikuwa hajawahi kuisikia sauti yangu ikipanda hivyo.

"Basi kibaki kile chetu," alisema. "Ndicho kipana."

Nikavipeleka vile viwili kwa jirani. Alikuwa anashona gunia la vitunguu, akauliza kama wageni wamekataa kuja. Nikamwambia maneno yaleyale niliyomwambia bibi, nikaviweka vigoda chini, nikarudi kufagia uwanja kabla baiskeli haijafika.