Yai Dogo Chini ya Kuku Mwekundu

Habari ilinikuta Migori, kwenye mashine yangu ya kusaga, nikiwa mweupe wa unga mpaka nyusi. Dereva wa lori langu alizima injini, akavua kofia, nikajua kabla hajafungua mdomo. Mke wa binamu yangu kule kando ya ziwa, ambaye sote tulimwita Nyar Muhuru kwa kuwa ni binti wa Muhuru Bay, amefariki. Kifua, walisema. Wasomaji wangu mnanijua: mimi si mtu wa kulia, na sijachoka kuwaambia humu katika safu yangu kwamba mashine hii na maduka yangu ya Homa Bay ni jasho langu mwenyewe, mtu niliyeacha shule nikiwa bado nasoma kwa kufuata herufi kwa kidole. Lakini siku ile nilisimamisha mashine, wateja wakiwa na madebe yao mlangoni, nikaketi juu ya gunia.

Nilimfahamu nilipokuwa bado mchuuzi wa mayai. Nilizunguka na baiskeli kuanzia Kendu Bay, kikapu mbele, kikapu nyuma, na niseme bila haya kwamba hapakuwa na mtu pwani ile aliyelijua yai kunishinda. Nikilipima kwa kiganja, nakwambia habari zake zote. Basi mwaka ule ziwa lilipopanda na kumeza mashamba ya mtama, Nyar Muhuru alikuwa amejifungua binti kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo wa kutia hofu, ungo ulimtosha kwa kitanda. Mama mkwe wake, mwanamke mkali lakini si mbaya, alikataa kumpa jina la marehemu bibi yao, jina kubwa katika ukoo. Akienda nalo kaburini, aliuliza, nani atalibeba tena? Kwa hiyo mtoto akaishi bila jina, akiitwa “huyu” tu, na mama yake akilisikia neno hilo kila asubuhi.

Siku niliyopita kwao, maji yalikuwa yamekaribia kiota cha kanga wa porini, ndege tunayemwita aweno, katika nyasi nyuma ya nyumba. Kwetu mayai ya aweno hayaguswi kwa mkono. Ndege akinusa mkono wa mtu hukisusa kiota. Mayai huchotwa kwa upawa, yakapelekwa nyumbani kwa kuku anayeatamia. Kiota kile hakikuwa cha kurudiwa tena, ziwa lilikuwa linakichukua, lakini Nyar Muhuru aliyachota kwa upawa vilevile, taratibu, mtoto akiwa amefungwa kifuani ndani ya shuka. Kuku wake mwekundu alikuwa na mwili mdogo, asingeweza kuyafunika yote. Akaniambia nimchagulie. Nikachagua kama fundi: makubwa yote ndani, na moja dogo, labda la ndege aliyekuwa anaanza kutaga, nikaliweka kando. Nikamweleza kwamba yai kubwa lina chakula kingi, kifaranga wake hutoka na uzito na akiba tumboni, hata mvua ikizuia kutafuta chakula atastahimili. Wa yai dogo hutoka mwepesi, na baridi ya kwanza humchukua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua bawa la kuku na kulisukuma lile dogo katikati kabisa.

“Shemeji, hilo linakula nafasi bure,” nikamwambia.

“Nafasi ni ya kuku,” akasema. “Wewe uliambiwa uchague, umechagua. Asante.”

Niliporudi yalikuwa yameshaanguliwa, na nilikuwa sahihi, kama kawaida yangu. Vifaranga wa mayai makubwa walikuwa wakikimbia nyuma ya kuku. Yule wa yai dogo alilala ubavu tu. Nyar Muhuru alikuwa amemtia ndani ya kibuyu chenye pamba, karibu na moto ule ule uliompa joto binti yake, akimlisha mchwa waliopondwa kwenye ncha ya kidole. Mama mkwe alimcheka kwamba sasa ana wagonjwa wawili. Lakini kifaranga akasimama. Kila nilipopita nilimpima kiganjani pamoja na ndugu zake. Mwanzo alikuwa kama nusu yao, kisha tofauti ikawa inapungua, mpaka wakati wa kupalilia nikashindwa kumtambua ni yupi. Nikalisema hilo mbele ya mama mkwe. Nyar Muhuru alikuwa akimnyonyesha binti, ambaye mashavu yake yalishaanza kujaa, na alijibu bila kunitazama.

“Yai humbeba siku za mwanzo tu. Baada ya hapo anabebwa na mtu.”

Mama mkwe alimchukua mtoto mapajani mwake, akainama, akamnong’oneza sikioni lile jina.

Miaka iliyofuata, kila nilipofika kujisifia duka jipya, shemeji yangu huyo alinikaribisha kwa swali moja: “Na wewe, kibuyu chako kilikuwa nani?” Nilicheka tu, nikaomba chai. Nilizaliwa mwaka wa njaa, na wanaokumbuka husema bibi yangu alinibeba mgongoni msimu mzima, akinitafunia viazi kabla ya kunilisha. Sehemu hiyo huwa naipita haraka ninaposimulia maisha yangu.

Mazikoni nilitazama kundi la wasichana wa shule nikimtafuta binti wa marehemu, ambaye sikuwa nimekutana naye tangu aende shule ya bweni, nikidhani atakuwa mdogo kuliko wote. Sikumwona. Ndipo mama mkwe, sasa anatembelea mkongojo, akamwita mjukuu wake aje kutia udongo, akalitaja jina zima, kwa sauti, kila mtu asikie. Akatoka msichana mmoja katikati yao, sawa na wenzake kwa kimo.

Kwa hiyo, msomaji wangu, nikiandika tena hapa kwamba nilianza bila kitu chochote, wewe niongezee mwenyewe: isipokuwa mgongo wa bibi, wenye joto.