Mtu wa Kumwingiza Mkwe Wangu Pangoni

Nilipokuwa kijana, nakata mkonge kule Mnyuzi, jino liliniuma mpaka silali. Akapita mtu na koleo mfukoni, anajiita daktari. Sikumwuliza kajifunzia wapi. Niliona aibu, tena alikuwa na kofia nzuri. Aling'oa jino zima, bovu akaliacha. Lile bovu nilikaa nalo mpaka mvua za vuli. Shule niliishia darasa la tatu, lakini somo hilo liliniingia.

Kofia zimeponza watu wengi. Hata diwani mmoja... basi, tuache hayo, nilikuwa naelekea kwenye pango.

Nyuma ya mashamba yetu lipo pango lenye maji ya kina. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alijifunza kuzamia baharini kule Tanga, mtungi wa hewa mgongoni. Mwaka jana akaleta mtu wa kumwongoza mle ndani. Wakati huo binti yangu ana mimba ya miezi saba. Ananitazama tu. Alishamkataza mumewe, hakusikia.

Kwetu mgeni hahojiwi kabla hajala. Wao wana haraka, mimi nasema ugali bado. Waliponawa baada ya kula, nikaanza kumhoji mgeni.

"Mwanangu, nani alikufundisha kuingia maji ya pangoni?"

"Mzee wangu, mimi bahari yote naijua. Kadi yangu ya kuzamia hii hapa."

Mkwe akaisoma. "Hii ni ya bahari ya wazi, kaka."

"Kwani maji si maji?"

"Baharini ukizidiwa unapanda juu," nikasema. "Mle juu kuna jiwe."

Akacheka. "Mzee, wewe umezamia wapi? Kwenye karai?"

"Hata kwenye karai naoga nimesimama. Ndiyo maana nauliza. Kamba ya kuwarudisha iko wapi?"

Kamba hakuna. Tochi anayo moja. "Tutaupita mwanga wa mlangoni kidogo tu," akasema. "Utamu uko ndani."

Hapo mkwe akainamisha kichwa. Mwalimu wake wa Tanga alikwisha kumwambia: pangoni uingie na aliyefundishwa mapango hasa, kamba ifungwe tangu nje, tochi za akiba ziwepo, theluthi ya hewa ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi isiguswe, mwanga wa mlangoni usipotee machoni. Yote aliyajua. Aliona aibu kumhoji mtu aliyemwalika mwenyewe. Aibu inazika watu, jamani, nami nusura ninyamaze.

"Kaka," mkwe akauliza polepole, "umewahi kuingia pango gani?"

Yule mtu akatazama mitungi, akatazama mlango. Akasema anakwenda kuangalia kamba dukani. Binti yangu akammiminia chai ya kumngojea. Yule mtu akavaa viatu, akashuka kwa njia ya mahindini bila kuaga, wala hakurudi tena.